Kiraka cha Ndani

Fuuu.

Ndivyo kochi la ngozi linavyotoa pumzi mtu anapolikalia. Hewa hubanwa ndani ya mto, hutafuta mshono, hutoka taratibu. Elinipa aliijua sauti hiyo kama alivyoujua mlio wa geti lake mwenyewe. Lakini ilikuwa saa nane ya usiku. Mumewe, Yiamat, alikuwa kando yake akikoroma. Binti yao wa miaka sita, Resiato, alikuwa amelala katikati yao kwa sababu ya mafua. Chumba cha pili, mama mkwe wake, Nkasiogi, alikuwa akikohoa kikohozi chake kikavu cha kila usiku. Watu wa nyumba ile walikuwa hao tu, wanne, na wote walikuwa vitandani.

Sebuleni mtu alikuwa ameketi.

Akangoja kusikia akinyanyuka. Maana mtu akinyanyuka, kochi la ngozi husema tena: huvuta pumzi ndani, polepole, likirudia umbo lake. Elinipa alitega sikio mpaka magari ya kwanza yakaanza kupita barabara ya Njiro. Sauti ya pili haikuja.

"Ni hewa," Yiamat alisema asubuhi, akichovya mkate kwenye chai. "Umepaka gundi kila mahali, hewa imekosa pa kutokea. Ndiyo kazi za mafundi wa kwenye simu."

"Fundi wa kwenye simu ndiye aliyekuokolea kochi lako, Baba Resiato."

"Nimeshukuru. Nasema tu, sasa linapumua."

Elinipa akacheka naye. Lakini alipopita sebuleni kwenda kuosha vikombe, aliona mto wa katikati umebonyea kidogo, mbonyeo mdogo wa mviringo, kama wa mtu asiye mzito. Akaupiga kofi ukajaa. Alipotoka jikoni ulikuwa umebonyea tena.

Kochi lenyewe walilinunua mtaa wa Themi, hapohapo Arusha, kwa familia moja iliyokuwa ikihama nchi. Lilikuwa la watu watatu, rangi ya kahawia iliyokolea, ngozi halisi ya ng'ombe. Mwezi wa sita mto wa katikati ukachanika, mchaniko wa urefu wa kiganja uliopinda mwishoni kama herufi L. Fundi wa mjini alitaka kuvua ngozi yote na kuvika kitambaa. Elinipa akakataa. Baba yake, huko kwao kwenye migomba na kahawa, upande wa mashariki wa Mlima Meru, alishona viatu vyake mwenyewe mpaka alipokufa, na Elinipa alikuwa ameirithi mikono hiyo isiyopenda kutupa kitu. Akaketi na simu, akatazama, akajifunza.

Somo lilikuwa moja: usianze juu. Mchaniko wa ngozi haufungwi kwa gundi peke yake, kwa kuwa hauna cha kushikilia. Kwanza unaingiza kiraka cha ndani. Unakikunja, unakipitisha kwenye mchaniko kwa kibano, unakikunjua humo ndani mpaka kilale sawa chini ya ngozi, ndipo unapaka gundi na kukandamiza. Kisha unaziba, unapiga msasa, unapaka rangi. Kazi nzuri haionekani. Kinachoibeba ni kile kilichofichwa.

Alijaribu kiraka cha jinzi, kikaachia. Akajaribu turubai, likaachia. Ndipo alipokumbuka ngozi ya Nkasiogi.

Bibi huyo alikuwa amekuja kuishi nao tangu mwaka jana, macho yake yalipoingiwa na ukungu. Alitoka kwao, mteremko wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha, na alikuja na begi moja na ngozi moja ya ndama, imeviringishwa na kufungwa kwa ukanda, ambayo aliisukuma mwenyewe chini ya kitanda. Hakuwahi kuitandika. Hakuwahi kuieleza. Siku hiyo alikuwa barazani akiota jua, na Elinipa akapiga magoti chumbani kwake na mkasi. Alikata kona tu. Ngozi ilikuwa nyembamba, laini, manyoya yamekwisha kwa kulaliwa, na ilikuwa na harufu ya moshi na maziwa.

Hakuomba. Alijiambia kwamba kona haiombwi.

Ile ngozi ilishika kana kwamba ilikuwa ikingoja. Elinipa aliikandamiza kwa pasi, kwa vitabu, kwa kinu cha kutwangia vitunguu, akaiacha siku nzima na usiku wake. Alipomaliza rangi, hata yeye hakuweza kuuona mchaniko. Akamwita mama mkwe wake kwa furaha.

"Mama, njoo ukalie. Uone kama utapajua palipochanika."

Nkasiogi akaja akipapasa. Akaweka kiganja kwenye mto, akakitelezesha, na kiganja kikasimama palepale penye kiraka. Kikakaa hapo muda mrefu.

"Umeweka nini humu, mke wa Yiamat?"

"Gundi tu, Mama."

Bibi akaondoa mkono. Akatafuta kigoda chake, akakiweka mlangoni, akaketi hapo. Kuanzia siku hiyo hakulikalia lile kochi, wala hakuligusa, na kila jioni aliugeuza uso wake upande wa kochi kama anayesikiliza redio ya mbali.

Mke wa Yiamat. Hilo nalo lilikuwa donda. Mtaa mzima, dukani, kanisani, kwenye kundi la wazazi wa shule, Elinipa aliitwa Mama Resiato. Nkasiogi peke yake hakumwita hivyo, hata siku moja, kwa miaka sita. Na mtoto mwenyewe alimwita nakerai, neno ambalo kwa Kimaa ni mtoto tu, mtoto yeyote. Hakuwahi kulitamka jina lake. Elinipa alilimeza hilo kimya, akijua, au akidhani anajua, kwamba mama huyu alitaka mkwe wa kwao na si Mmeru, na kwamba kutomwita mjukuu jina ndiyo njia yake ya kusema hivyo kila siku bila kugombana.

Ilianza harufu. Agosti, vumbi limefunika hata majani ya uani, na sebuleni kukawa na harufu ya ngozi iliyonyeshewa mvua. Elinipa alifungua madirisha, akafuta kochi kwa maji ya ndimu, akachoma ubani. Harufu ikabaki, na ndani yake kwa mbali ule moshi na yale maziwa.

Kisha mtoto akasema jambo. Alikuwa akivaa soksi za shule, hata hakuinua uso.

"Mama, ukiniita, kuna mwenzangu anaitika kwanza."

"Mwenzako gani?"

"Sijui. Anaitika kabla sijaitika. Halafu mimi nakuwa nimechelewa."

Wiki hiyo mwalimu aliandika kwenye daftari kwamba mtoto akiitwa haitiki, wampeleke wakampime masikio. Wakampeleka. Masikio yalikuwa mazima. Daktari alimnong'oneza kutoka pembe ya chumba, "Toto zuri, nipe kalamu," akampa. Akamwita kwa jina, mara tatu, kwa sauti, na Resiato akaendelea kuchezea kifungo cha sweta yake kama vile ameitwa mtu mwingine.

Jumamosi, saa sita mchana, jua liko wima, Elinipa alikuwa jikoni akichambua maharage. Akamimina uji wa maziwa kwenye kikombe cha plastiki na kuita bila kugeuka, kama anavyoita kila siku.

"Resiato, njoo unywe uji."

"Abee."

Sauti ilikuwa nyuma yake, karibu, usawa wa kiuno chake. Akanyoosha mkono nyuma na kikombe, huku macho yake yakiwa kwenye maharage, na vidole vidogo vikakipokea, vidole baridi, akadhani mtoto ametoka kuchezea maji. Akamsikia akinywa kwa pupa, kama aliyeshinda njaa. Kisha akainua macho dirishani, na huko uani, chini ya kamba ya nguo, akamwona Resiato akianika nguo za mwanasesere, mgongo umegeuzwa, akiimba. Elinipa akabaki amelishika harage moja kati ya vidole viwili, akijua kwamba lazima ageuke na akijua kwamba hatageuka, akasikiliza mpaka kikombe kilipogongwa taratibu sakafuni, na nyayo zisizo na viatu zikapita ukumbini, na sebuleni mto wa katikati ukatoa pumzi.

Fuuu.

Alipogeuka, kikombe kilikuwa kitupu.

Usiku ule alimwambia Yiamat, kwa mnong'ono, mlango umefungwa. Yiamat hakucheka safari hii.

"Tulitoe hilo kochi," alisema. "Kesho. Nampigia mtu aje na kirikuu, tulipeleke hata jalalani."

"Kesho baada ya ibada."

"Baada ya ibada."

Lakini waliporudi kutoka kanisani, Elinipa alisimama dakika mbili getini kuzungumza na jirani, na dakika mbili hizo zilitosha. Alipoingia, Resiato alikuwa ameketi katikati ya kochi, kwenye ule mbonyeo, katika gauni lake la Jumapili, miguu ikining'inia.

"Shuka hapo," Elinipa alisema polepole. "Shuka, mwanangu, njoo kwa Mama."

"Siwezi. Limenishika."

Yiamat akamshika kwapani akavuta. Mtoto akapiga yowe ambalo hawajawahi kulisikia kinywani mwake. Nyuma ya paja, ngozi yake na ngozi ya kochi zilikuwa zimekutana, na hapakuwa na mstari wa kuonyesha moja inaishia wapi. Palikuwa laini, pamezibwa, pamepigwa msasa. Ilikuwa kazi nzuri. Elinipa aliitambua kuwa ni ya mkono wake.

Akakimbilia wembe wake wa kukatia, akapiga magoti, akautafuta ule mchaniko aliouficha kwa ustadi hata mwenyewe asiuone, akaupata kwa kidole, akaugusa kwa ncha, akavuta kidogo tu, urefu wa ukucha, na kwenye paja la mtoto, mbele, mahali ambapo wembe haukukaribia, pakatokea mstari mwembamba mwekundu wa urefu wa ukucha, ukaanza kutona, na mtoto akasema, "Mama, unanikata," bila kulia, kwa sauti ya mshangao, kama anayemwambia mama yake amekosea njia.

Wembe ukaanguka. Hawakuweza kumvuta, na hawakuweza kukata. Hata kulibeba kochi pamoja naye walijaribu, mmoja huku na mwingine kule, wakafika mlangoni, na pale kizingitini mtoto akakosa pumzi, midomo ikageuka rangi, wakarudi nyuma mbio na kuliweka lilipokuwa.

Nkasiogi alikuwa kwenye kigoda chake wakati wote huo. Mikono yake ilikuwa imeufunika uso.

Mwinjilisti Elihuruma alifika saa tisa kwa bodaboda, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa mzee mfupi wa Kimeru, mtulivu, mtu aliyekuwa ameitwa kwenye nyumba nyingi za namna hii na asiyependa kuzisimulia. Akamsalimia kwanza mtoto.

"Shikamoo," mtoto akasema kwa shida.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaumwa?"

"Nimechoka."

Akamgeukia Elinipa. "Kwenye simu mmeniambia ni jini. Nani kasema?"

"Jirani. Sijui ni nini, Mwinjilisti. Lina sauti ya mtoto."

"Haya. Liwe jini, liwe nini, halitoki mpaka lijitaje. Kitu kikitaja jina lake, hapo ndipo unapata pa kukishika." Akavuta kiti cha kulia chakula, akaketi mbele ya kochi, akasali, Yiamat na Elinipa wakiitikia kwa sauti za chini. Kisha akainama kwenye mto, kando ya mguu wa mtoto, na kusema kama anayegonga mlango wa mtu, "Wewe uliye humu. Kwa jina la Yesu, taja jina lako."

Ngozi ikakunjamana, ikakunjuka.

"Resiato," ikasema.

Midomo ya mtoto haikutikisika. Mwinjilisti akauliza tena, na tena, na mara zote tatu jina likawa lilelile, kwa sauti nyembamba isiyo na ubaya wowote. Mzee akanyanyua mkono kwa ile amri yake ya mwisho, akafungua kinywa, na mkono ukabaki hewani. Kisha akaushusha.

"Siwezi," alinong'ona.

"Kwa nini?" Yiamat akauliza.

"Nikisema Resiato atoke, atatoka yupi?"

Elinipa akahisi kuta za nyumba yake zikisogea, nondo za dirishani, geti, ukuta wenye vipande vya chupa juu, vyote hivyo walivyovijenga ili kitu kibaya kisiingie, na sasa vimewafungia ndani pamoja nacho. Mwinjilisti alijifuta uso. Akainama tena.

"Unataka nini, mtoto?"

Sauti ikachelewa. Ilipokuja ilikuwa kwa Kimaa, na neno la kwanza hata Elinipa alilijua. "Yeyo," ilisema, yaani mama, na kisha swali.

Mlangoni kigoda kikaanguka. Nkasiogi alikuwa amesimama.

"Anauliza kama tumefika," alisema.

Alitembea akishika ukuta, akaja mpaka katikati ya sebule. Hakuwatazama, wala macho yake yasingewaona vizuri.

"Mke wa Yiamat. Ulikata ngozi yangu."

Elinipa akapiga magoti. "Kona, Mama. Kona tu. Nilikudanganya, nisamehe."

"Nilijua siku ileile. Nilinyamaza. Nami nilikuwa nimewadanganya kwa kunyamaza, nikaona tumelingana. Wananiita Mama Yiamat. Yiamat si wa kwanza kwangu. Wa kwanza alikuwa wa kike. Alilala kwenye ngozi hiyo tangu alipoacha kunyonya. Mwaka wa mvua nyingi, miaka arobaini na mitano iliyopita, akashikwa na surua, nikamfunga kwenye ngozi hiyohiyo mgongoni, nikashuka naye mlima kumpeleka zahanati. Njiani akawa ananiuliza, yeyo, tumefika? Anauliza, anauliza. Nikamwambia, lala, tukifika nitakuita."

Hata mtoto kwenye kochi alikuwa akisikiliza.

"Tukafika. Mganga wa zahanati akafungua ngozi, akaniangalia mimi, si yeye. Nami sikumwita. Niliogopa nikimwita asiitike. Na tuliporudi nyumbani wazee wakaniambia, mtoto akifa jina lake halitajwi tena. Nikashukuru. Nikaona ni ruhusa."

"Jina lake," Yiamat alisema.

"Mnaliita kila siku. Njoo ule. Njoo uoge. Njoo ulale. Ninyi mmelipata wapi? Mimi sikumwambia mtu."

Yiamat alikuwa ameshika kichwa. "Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukiongea usingizini, yeyo. Kulikuwa na neno moja unalirudia. Sikujua ni mtu. Mtoto alipozaliwa nikaona ni jina zuri, kama nimelijua siku zote."

Hapo Elinipa akaelewa yote, na hofu yake ikageuka kuwa kitu kizito kuliko hofu. Mtoto aliyeambiwa alale mpaka aitwe alikuwa amelala miaka arobaini na mitano chini ya vitanda, ndani ya ngozi iliyofungwa kwa ukanda. Yeye ndiye aliyekata kona ya usingizi huo, akaileta sebuleni, akaibandika mahali ambapo jina linaitwa kutwa nzima. Mtoto ameitwa, akaja. Angefanyaje?

"Mwinjilisti," alisema. "Ulimbatiza wewe. Kwenye cheti kuna jina lingine."

"Hanna," mzee akasema. "Hanna Resiato. Nakumbuka. Hamkulitumia."

"Hatukulitumia."

Akapanda kwenye kochi, akaketi kando ya binti yake, akamshika mashavu. Macho ya mtoto yalikuwa yakififia, kama ya mtu anayesinzia safarini.

"Sikiliza. Wewe ni Hanna."

"Mimi ni Res..."

"Hapana. Hilo tunamrudishia mwenzako. Ni lake. Tulimchukulia bila kujua. Wewe ni Hanna. Nikisema Hanna, unaitikaje?"

Mtoto akafikiri. Elinipa akamwita.

"Hanna."

"Abee," mtoto akasema kwa unyonge, na kwenye paja lake ngozi ikaachia, upana wa kidole.

"Hanna."

"Abee, Mama."

Kidole kingine. Yiamat akaona, akaruka kutoka kitini, machozi yakimtoka, na kabla hajajua anachokisema alikuwa amekwisha kusema, kama anavyosema kila siku tangu awe baba, "Anaachiwa, Mama Resiato, anaachiwa."

Ngozi ikajibana. Mtoto akalia. Upana wa vidole viwili uliokuwa umeachiwa ukashikwa tena, na wa kimoja zaidi.

"Usiniite hivyo," Elinipa alisema bila kupandisha sauti. "Niite jina langu."

Yiamat akamtazama kana kwamba hajui jina hilo liko wapi. "Elinipa," akasema hatimaye. Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka sita.

"Basi ndilo. Mimi ni Mama Hanna au ni Elinipa. Lile lingine nimeliacha, hapa hapa, mashahidi ninyi."

Wakaanza upya. Jua liliondoka kwenye dirisha la mbele likahamia la pembeni. Hanna, abee. Hanna, abee. Bibi akisikia, mwinjilisti akiomba kimoyomoyo, Yiamat ameufunika mdomo wake kwa mikono miwili. Na magharibi ilipokaribia, ngozi ikamwachia mtoto kwa sauti ndogo, kama gundi iliyochoka, akaanguka kwenye mapaja ya mama yake. Nyuma ya paja alikuwa na alama nyekundu iliyopinda kama herufi L.

Mto wa katikati ulibaki umebonyea.

"Mama," Hanna alinong'ona, "mwenzangu anasema na yeye aitwe."

Wote wakamgeukia Nkasiogi.

"Siwezi," bibi akasema.

"Mama," Elinipa akamwambia, "tukiondoka, atatufuata. Tukikaa, kesho mmoja wetu atateleza ulimi. Atamchukua huyu, na si kwa ubaya. Ni kwa kuitwa."

"Na nikiita asiitike?"

"Anaitika, Mama. Nimemsikia. Anaitika vizuri."

Mwinjilisti akasogea karibu na Elinipa, akasema kwa sauti ya chini sana, "Mzibe mtoto mdomo. Amelivaa jina hilo miaka sita. Bibi akiita, atakayeitika kwanza ndiye atakayekwenda."

Elinipa akashuka na Hanna sakafuni, akaenda naye mpaka ukutani, akamkumbatia kwa nguvu, akamfunika mdomo kwa kiganja. Yiamat akaileta ile ngozi ya ndama kutoka chini ya kitanda, akaifungua ukanda, akaitandaza mbele ya kochi. Kona moja ilikuwa haipo. Harufu ya mvua ikajaa nyumba nzima, mvua ya mlimani, ya miaka mingi, ya matope na migomba na mtu anayeteremka peke yake akiongea na mgongo wake.

Nkasiogi akalipapasa kochi. Kwa mara ya kwanza tangu lilipozibwa, akaketi.

Fuuu.

Akaweka kiganja chake penye mbonyeo. Kiganja hakikugusa ngozi. Kilisimama juu kidogo, kwenye urefu wa kichwa cha mtoto aliyeketi.

"Nakerai," alisema.

Hakuna kitu.

"Mwanangu."

Kunyanzi zikapita kwenye mto. Chini ya kiganja cha Elinipa, midomo midogo ikaanza kufunguka. "Hanna," akamnong'oneza sikioni, "Hanna, Hanna," na midomo ikasita, ikajifunga, pumzi ya moto ikatoka puani.

"Tumefika," bibi akasema. Sauti yake haikuwa ya kizee tena. "Nilikwambia ulale, tukifika nitakuita. Nimechelewa. Tumefika sasa."

Na kochi likaanza kuvuta pumzi ndani, polepole, ile sauti ambayo Elinipa aliingoja usiku wa kwanza mpaka asubuhi. Mto ukajaa nusu. Ukasimama hapo, nusu umelala na nusu umeamka, kama mtoto anayetaka kuhakikisha kwamba ni yeye anayeitwa.

Bibi akafumba macho yake yenye ukungu.

"Resiato."